Kitunguu cha Ersilia

Ile balbu mliyoisifu mkononi mwa dada yangu,
kwenye bango la kona ya soko, Borgo Dora,
ni kitunguu.
Nilikinunua mimi. Senti mbili, na nikapunjwa.

Bwana Garrone, mchoraji, alisema balbu ni ghali,
ikianguka nani atailipa?
Basi Ersilia akapanda juu ya kasha la mvinyo,
shuka kiunoni, bega moja wazi,
Januari, jiko limezimika,
akakiinua kitunguu kama padri ainuavyo hostia.
Saa tatu kwa lira mbili.
Mkono ukilegea, mzee anang'aka:
"Inua! Sasa wewe si mtu, wewe ni Umeme."

Umeme!
Sisi tuliopanda vidato tisini na sita
na kibatari, kiganja kikikinga upepo,
Mama akipima mafuta ya taa kwa kijiko.

Alichora vizuri, simnyimi haki yake.
Nywele nyeusi tii akazitia dhahabu.
Kovu la pasi akalifuta,
lile refu, la siku ya mashati mia ya hoteli.
Miguu hakuichora, aliweka mawingu.
Ersilia akacheka: "Afadhali. Viatu vyenyewe ni vya Norina."
Norina ndiye mimi.

Mwaka ule tulikuwa kila mahali.
Haki alikuwa mwanamke, mizani mkononi,
na mahakamani hakuna mwanamke aliyevaa joho.
Ushindi alikuwa mwanamke, ana mabawa.
Nchi yenyewe, mwanamke, taji la minara kichwani.
Kura hakuwa nayo hata mmoja wao.
Nilimuuliza Mama. Akasema, huku anamenya viazi:
"Sanamu haili, mwanangu. Ndiyo maana wanaiheshimu."

Na Jumapili, gazetini, hadithi ya mfululizo:
dobi mrembo, mwana wa tajiri, ahadi, mimba,
kisha daraja, kisha mto Po.
Tuliisoma kwa zamu, mvuke ukilowesha kurasa,
Carlotta wa meza ya wanga akilia kwa kwikwi.
Nikauliza: miaka kumi na mmoja humu ndani,
ni nani mliyemjua akajitupa mtoni?
Wakafikiri.
Mmoja alikufa kwa kifua. Wawili walihamia Argentina.
Palmira alijifungua, siku ya tisa akarudi kwenye pasi,
maziwa yakimchuruzika ndani ya blauzi,
akatuomba tusimwambie msimamizi.
"Lakini hiyo," akasema Carlotta, "nani ataisoma?"

Tulipogoma, mpiga picha alikuja.
Wewe njoo mbele. Na wewe. Wewe, bibi, kaa nyuma.
Wenye mapengo akawaambia wafumbe midomo,
nao ndio waliokuwa wasemaji wetu.
Kesho yake, chini ya picha: Maua ya Mgomo.
Senti kumi zaidi, na dirisha moja lifunguke:
hayo hayakupata hata mstari.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Sisi tulitembezwa,
wala hatukuambiwa tunauza nini.

Kitunguu? Alikuja nacho nyumbani, mfukoni.
Tulikila usiku uleule kwa ugali wetu wa manjano.
Ersilia ndiye aliyekikata, karibu na kibatari,
machozi yakamtoka, na alipoona namtazama
akasema, "Si ni kitunguu?"
Nikasema ndiyo.

Umeme wenyewe ulitufikia miaka kumi na sita baadaye.
Fundi, kijana mrefu, alifunga swichi juu mno,
akalipwa, akaondoka.
Dada yangu akanyoosha mkono, akasimama kwa ncha za vidole,
akabonyeza.
Kwa mara ya kwanza nikaliona lile kovu lote,
kutoka kifundoni hadi kiwikoni, jeupe.
Taa ilikuwa imekwisha kuwaka, yeye bado ameinua.
Nikamwambia: shusha mkono, Ersilia.
Leo hakuna anayelipa.