Bado Haijakauka

Kinu cha Gambogi kilikufa mwaka ule mota ilipoungua,
tukabaki na chumba, mabati, na unga
uliojificha kwenye nyufa kama deni la jirani.
Ukipiga msumari ukutani unamwagika,
unakupaka nyusi kabla hujatundika lolote.

Humo ndimo tulimofungulia maonyesho.
Funguo nilipewa mimi kwa sababu naishi karibu,
si kwa sababu naijua sanaa.
Nilifagia mara tatu. Nikaandika kwa chaki mlangoni:
KIINGILIO BURE. USIGUSE.

Ludeki alileta picha saba. Ndiye
aliyechora ng'ombe anayecheka kwenye bucha ya stendi,
ng'ombe ambaye hadi leo hajui anachochekea.
Khadenyi akaleta vyungu vitano, vingali na harufu ya moshi,
akakataa vikae vitupu.
"Chungu kikavu ni mdomo wazi," alisema,
akatuma watoto kisimani.
Naye Amugune, aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo,
alibandika michoro ya makaa juu ya mifuko ya saruji:
mbwa, baiskeli, mbwa tena,
mkono wa nyanyake ukichambua mrenda.

Saa nne. Saa sita. Mgeni rasmi alituma salamu.
Soda zikapata joto kwenye kreti.
Kuku mmoja aliingia, akatazama, akatoka,
na Ludeki akasema, angalau huyo hakuomba kupunguziwa.

Kisha, saa nane na nusu, mvua ya huku,
ile isiyobisha hodi,
ikashuka kutoka upande wa Nandi na soko zima likakimbia.
Waliingia na kabichi, na omena ndani ya karai,
na mitumba mabegani kama watu waliozimia,
fundi wa viatu akiwa bado na uzi mdomoni,
wakajaa hadi kwenye msingi wa mashine,
na kwa kuwa mabati yalinguruma hapakuwa na mazungumzo,
na kwa kuwa hapakuwa na mazungumzo
wakaanza kutazama.

Nimewaona watu hao wakipima maparachichi kwa macho.
Hivyo ndivyo walivyozipima picha:
wapi pamebonyea, wapi pameivishwa kwa nguvu.

Jendeka alisimama mbele ya wachuma chai.
Ni migongo tu, minne, na vikapu.
Alisimama hapo hadi mvua ikalegea,
kisha akauliza, bila kugeuka:
"Nani aliyekupa mgongo wangu?"

Ludeki akameza mate.

"Huo wa tatu. Bega la kushoto limeshuka.
Lilishuka mwaka niliozaa mapacha
nikarudi shambani siku ya tisa.
Hilo umelipata. Lakini kamba ya kikapu changu ni ya buluu.
Wewe umeniwekea nyeusi, kama mfiwa."

"Ni buluu," akashuhudia muuza omena. "Alinunua kwangu."

Ludeki akafungua kopo lililobaki la kibao cha duka la dawa,
akapiga magoti penye unga na tope,
akabadilisha kamba.
Jendeka akaigusa ili kuhakikisha.
Nami, mwenye funguo, mwandishi wa ile chaki,
nikageukia mlango nimwonyeshe sheria:
mvua ilikuwa imelamba. Imebaki BURE. Imebaki GUSE.

Aliondoka na kabichi mbili kichwani
na kidole cha buluu.

Siku hiyo tuliuza chungu kimoja, pamoja na maji yake.

Jumanne akaja mtu kutoka Kisumu, viatu safi,
akaelekeza kidole kwenye migongo ile, akataja bei
ambayo ingemrudisha Amugune darasani
na chenji ikabaki. Nililijua hilo. Ludeki alilijua.
Alitazama nje, mashambani,
mahali vikapu vilipokuwa vikipanda mlima polepole.
"Hiyo," akasema, "bado haijakauka."

Ni wiki ya sita sasa.
Amugune anachora mbwa. Hatujasemezana vizuri, mimi na Ludeki.
Na kila siku ya soko, kabla ya kupanga kabichi zake,
Jendeka hupita kulitazama bega lake,
kwa hiyo nafungua mapema.