Mtoto G.

Nimekikuta sokoni Groningen, Jumamosi,
kati ya mwongozo wa kufuma sweta
na Biblia iliyong'oka kitabu cha Mwanzo.
Jalada la kijivu, mgongo umepasuka,
chapa ya kumi na moja.
"Hiki zamani kila msomi wa akili alikuwa nacho,"
muuzaji akasema, akipuliza vidole.
"Siku hizi hakiulizwi. Yuro mbili."

Nikafungua sura ya tano
nikajikuta.

Kurasa kumi na mbili, zote mimi.
Mtoto G., wa kike, miaka sita,
nywele rangi ya majani makavu,
hasemi. Mwezi wa tisa huu hasemi.
Hukojoa kitandani. Hupanga vifungo, mkubwa kwa mdogo.
Geesje Wiersma, daktari.
Ungeliandika lote lisingekumaliza wino.

Unasema nilimkasirikia mama.
Unasema kimya changu kilikuwa meno,
kwamba nilimng'ata kwa kutosema.
Umelieleza vizuri jambo hili,
hata mimi mwenye kinywa nilikaribia kusadiki.
Na vijana wa Leuven, wa Oslo, wa Montreal
wakafanyia mtihani hasira yangu,
wakafaulu,
wakafungua ofisi zenye zulia na saa isiyogonga.

Mama naye alikisoma.
Nilikipata alipofariki, nyuma ya chupa za kabichi chachu,
ukurasa umekunjwa penye neno *ubaridi*.
Ndipo nikaelewa kwa nini miaka yote ile
alinigusa bega
kama mtu anayegusa pasi kujua kama imepoa.

Sasa sikiliza, maana hukuniuliza.

Hapana. Uliniuliza.
Mimi ndiye sikujibu.

Nyuma ya kabati letu, majira ya baridi ya mwisho ya vita,
aliishi mtu. Sikuwahi kuuona uso wake wote;
nilijua kikohozi chake, na kijiko chake.
Kaka yangu Jelle, miaka kumi na mitatu,
alinikalisha juu ya pipa la viazi, akaniambia:
"Usiseme neno. Kwa yeyote. Mpaka nikwambie."
Kisha akatoka na baiskeli isiyo na matairi
kutafuta maziwa.

Kimya kina mshindo, wahenga hawakukosea,
ila mshindo wa kwangu ulikuwa buti ngazini.

Zikaja kengele, zikaja bendera, zikaja chokoleti za wanajeshi.
Mtu wa kabatini akatoka akalia juani.
Watu wakanibusu, wakaniambia sema, sema, vita vimekwisha.
Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Jelle.

Kikao cha thelathini na moja, umeandika,
*upinzani ukavunjika.*
Daktari wangu, kilichovunjika ni kikombe.
Ulijimwagia chai ya moto kwenye suruali
ukaruka, ukatukana kwa lafudhi ya kwetu,
tusi lilelile la Jelle mnyororo ukimtoka,
nami nikacheka, nikasema: "Umejilowesha."
Ulilia, nakumbuka. Uliniokotea vigae visinikate.
Chai haimo kitabuni. Wala machozi yako.
Pengine nawe uliambiwa na mtu usiseme.

Nimelipa yuro mbili.
Nimekiweka mezani, karibu na chumvi,
sijaamua kama nina hasira,
na nikiwa nayo, ni ya nani.
Ukingo wa ukurasa ni mwembamba,
penseli yangu butu.
Nimeanza na jina la Jelle.