Ekseli ya Gari la Mkate

Ilikatika mlimani, Februari, alfajiri,
marobota ishirini ya majani mgongoni,
ng'ombe wenye mimba wakinitazama ng'ambo ya seng'enge.
Sauti yenyewe ndogo: mtu kavunja biskuti chumba cha pili.
Injini ikanguruma, magurudumu yakakataa kusikia.

Wendell akaja na kurunzi na kahawa.
Akachungulia uvunguni, akatema mate; yakaganda.
"Hii ya kiwandani," akasema,
"waliitengenezea mtu wa kubeba vitunguu."

Nyingine tuliipata Roundup, kwenye makaburi ya magari,
chini ya gari la mkate lililokufa kabla sijaolewa:
difu kubwa kama sufuria ya harusi,
nati nane kila gurudumu, kutu ya juu juu tu.
Mwenye vyuma akataka dola mia mbili, pamoja na nusu ya nguruwe.
Nikampa nusu ya mbele. Hakuuliza.

Siku tatu gerejini.
Mpini wa spana tukaurefusha kwa bomba,
Wendell akaning'inia kama popo
mpaka bolti iliyogoma miaka thelathini
ikalia kwiii, ikakubali.
Vikalio vya springi tukavikata, tukavichomelea upya,
tukapima pembe ya shafti, tukapima tena,
maana chuma hakijui samahani.
Wiki nzima mikono yangu ilinuka oili ya difu.
Hata chapati za Wendell za Jumapili, za maziwa na asali,
nilizimimina zikanuka hivyo. Tukala.

Sasa hasara.
Gia zake ni za gari la kusimama kila mlango:
nikivuka maili hamsini barabara kuu
injini inalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa,
na malori yananipita yakipiga honi.
Mbele nati tano, nyuma nane,
kwa hiyo nabeba tairi mbili za akiba, spana mbili,
na nyuma kumezidi mbele kiganja kila upande,
kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake.

Lakini mlima.
Mlima ule ule, marobota ishirini na manne.
Nilibana pumzi mpaka katikati, nikaisahau.
Ilipanda kama inayopeleka mkate,
haina haraka, inajua mlango utafunguliwa.

Jioni Marlys akapiga simu kutoka ng'ambo ya mto.
"Una mgeni?
Naona alama za magari mawili kwenye theluji yako,
limoja limemfuata mwenzake mpaka juu."

Nikasogea dirishani.
Kweli: mistari minne, miwili ndani ya miwili.
Tangu tumzike Arvid
hakuna aliyenifuata mlima ule.
Nikaitazama mpaka giza likaifuta,
simu ingali sikioni.

"Ni mimi tu, Marlys," nikasema.
"Nimenenepa nyuma."
Akacheka mpaka mbwa wake akabweka.