Kijito cha Milimita Nne

Chanzo kiko Ondiri, kwenye kinamasi
ambapo ukikanyaga, ardhi hutikisika kama godoro.
Hapo mtu huuruka mto Nairobi bila kukunja suruali.
Nimeuchora mara tisa kwa wino wa buluu,
kalamu ikishuka Dagoretti, Kawangware, Chiromo,
na kila mara mkono hupunguza mwendo
pale Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo
inapoingia bila hodi.

Ndogo naijua. Mama alifua humo sweta yangu ya shule,
akaianika juu ya michongoma,
ikarudi na matundu mawili.
Ofisini hayo hayachorwi.

Mathare inateremka, Gitathuru mgongoni.
Motoine inatoka msituni na jina lake,
inalala kidogo kwenye bwawa la Kibera,
inaamka inaitwa Ngong,
kama bibi harusi, au kama mkimbizi, sijui,
na ikishapita viwandani rangi yake hutegemea siku:
Jumanne zambarau,
Alhamisi povu tu.
Nimesimama Njiru, inapoukuta mto mkubwa.
Kwa hatua kama mia maji hayachanganyiki,
yanakwenda bega kwa bega
kama ndugu waliogombana matangani.

Lakini neno langu leo ni kijito kingine,
nyuma ya Huruma, kinachoangukia Mathare,
milimita nne kwenye karatasi.
Niliuliza jina. Kinyozi akasema, Mtaro.
Watoto wakasema, Kwa Nduta,
kwa sababu Nduta huosha humo madebe ya rangi, akauza.
Nduta mwenyewe hakuinua kichwa:
"Jina la nini? Mnataka kukitoza kodi?"

Nikaandika Kwa Nduta, herufi za kulala,
kama inavyostahili mito.
Bwana Kithome akachukua kifutio.
"Mtaro si mto, Achola."
Akapuliza vumbi la mpira,
buluu yangu ikabaki kivuli.

Hiyo ilikuwa Februari.
Aprili, saa nane za usiku, simu ya Nduta.
Sikusikia maneno, nilisikia maji:
yamepanda ngazi tatu,
yameingia kwa kinyozi bila miadi,
yametoka na kiti chake cha kuzunguka.

Asubuhi niliifungua ramani yote mezani
nikaufuata mkondo kwa ncha ya kalamu, bila wino:
Mathare, Nairobi, Athi,
Galana, Sabaki, chumvi.
Kithome alipita nyuma yangu, akauliza natafuta nini.

Kiti, nikamwambia.