Pete ya Mzia

Manispaa ilituletea kibao, haikutuletea maji.
Tunza Mazingira, kinasema,
kimefungwa kwa waya kwenye bembea isiyo na kiti,
na upepo wa Kaukazi ukishuka usiku juu ya Tbilisi
mnyororo unakigonga, ngo, ngo,
hadi mimi, orofa ya tano, nahesabu mapigo.

Msidhani nilianza kwa uzalendo.
Nilianza kwa kukosa usingizi.
Nilishuka na koleo la marehemu Otari,
nikakata waya, nikakisukumiza kibao chini ya kochi langu,
na kwa kuwa mikono ilikwisha kuchafuka
nikarudi kuokota chupa. Tatu. Kisha thelathini.
Jua likanikuta nimeinama,
na Lamara wa duka la mikate kasimama, mkono kiunoni:
"Mzia, umepoteza nini?"
"Pete," nikasema.
Akainama naye kutafuta.

Hivyo ndivyo tulivyopata kamati:
watu tisa, wiki mbili, wakipekua magugu
kwa ajili ya pete ambayo haikuwahi kuwepo.
Walipojua, walinitukana vizuri,
kisha wakauliza reki iko wapi.

Rangi ya kijani ilikuwa masalio ya geti la Tengizi.
Ilitosha mabenchi manne na nusu.
Nusu iliyobaki ni ya buluu,
na hiyo ndiyo wazee wa dama wanayoigombania.

Vakho fundi bomba alilala kifudifudi, sikio ardhini.
"Chimbeni hapa." Tukachimba. Kukavu.
"Basi pale."
Shimo la nne likakohoa,
likatema kutu, konokono, kifuniko cha bia,
kisha maji membamba kama uzi wa kushonea,
na Lamara, ambaye hunusa hata chai ya dada yake,
akayakinga kwa kiganja, akanywa.

Bembea tulizichomelea Jumanne. Alhamisi hazipo.
Tukachomelea nyingine.
Haba na haba hujaza kibaba;
aliyesema hivyo kibaba chake hakikuwa na tundu.

Likabaki gari la Badri.
Opel nyeupe, miaka saba chini ya mforosadi,
matairi yamelala, kioo cha nyuma ni karatasi ya nailoni,
na matunda yanayoiva juu yake
yameipaka zambarau, kama bibu ya mtoto mla ovyo.
Tulimwomba. Tulimwandikia.
Lamara alimnyima mkate; akanunua kwingine.
Tukalizungushia gari mawaridi,
kama kaburi la mtu mwenye heshima zake,
na watoto wakawa wanaliosha kila Jumamosi,
na Badri juu rohani, sigara, kimya.

Juzi usiku nikasikia kitu kinakwaruza.
Si kibao. Kibao nakilalia.
Ni Badri, na fulana tu, bega kwenye buti,
anasukuma, na gari halina habari.
Miche minne ya mawaridi ameing'oa na udongo wake,
ameisimamisha ndani ya ndoo ya maji.
Nikashuka na ndara.
"La Irakli," akasema, bila kunitazama.
"Alipokwenda Poland alisema nisiliuze."
Nikaweka bega karibu na lake.
Kidogo. Kidogo tena.
Kisha mteremko ukatunyang'anya,
tukabaki mikono mbele, kama watu walioachwa na basi.

Asubuhi, lori la chuma chakavu likapita.
Pamebaki umbo lake: mstatili wa udongo mweupe,
mkavu, na katikati sarafu moja ambayo hainunui kitu siku hizi.
Lamara anataka vitunguu.
Tengizi anataka benchi la sita, la kijani kamili.
Vakho ameshalala kifudifudi.
Badri ameshuka, ameketi kwenye nusu ya buluu
na hakuna aliyemwondoa.

Mimi nimesema tusubiri.
Miaka saba mvua haijagusa hapo.
Ipige kwanza, ipajue.