Mnyama Tu

Jumamosi ile, mnadani Msalato,
Chilongani alisimama na punda wake wanne
tangu umande haujakauka hadi vivuli vikaingia chini ya nyayo.
Skrini ya karani ilisema: "Aina haijulikani."
Punda yuko pale, anapiga masikio, anakojolea karibu na nyaya,
na mashine inasema hajulikani.

Kosa lilikuwa langu.
Punda nilimwandika wiki nzima,
umri, alama ya sikio, uzito awezao kukokota,
nikamrithisha pumzi ya Mnyama
kama nilivyowarithisha Ng'ombe na Mbuzi.
Nikasahau mstari mmoja,
ule wa kwenda kumtaja daftarini,
faili jingine kabisa, mstari wa mia mbili na kitu,
ambako kila mgeni alingoja nimshike mkono nimpeleke.
Na mkono ni mkono. Huchoka. Huenda kunywa chai.

Usiku, Area C, upepo ukikwaruza vioo kwa vumbi,
nililifuta daftari lote.
Nikaiambia programu: kuanzia leo ukiamka,
kabla hujamfungulia mtu dirisha,
pita ndani yako mwenyewe nyumba kwa nyumba,
bisha hodi kila faili, uliza
humu kuna nani wa ukoo wa Mnyama,
na aliyemo aitike.

Wakaitika.
Ng'ombe, labeka. Mbuzi, labeka. Kondoo.
Punda, kwa sauti ya punda.
Nikalala saa tisa, nacheka peke yangu.

Jumatatu Ndahani akapiga simu kutoka Kongwa.
Kibali kimetoka, kina na muhuri:
"Mnyama mmoja. Rangi: hakuna. Miguu: haijatajwa."

Hodi ilimfikia hata yeye,
babu wa wote, niliyemchora awe urithi tu,
na sikuwahi kuandika popote kwamba ni kivuli.
Kaulizwa, kaitika; ungemlaumu?
Chini yake orodhani, Mamba wa Majaribio,
niliyemtunga kwa mzaha usiku mmoja wa njaa
nikamsahau, naye hakunisahau.

Nani amewahi kununua mnyama tu?
Mnadani hakuuzwi neno.
Huuzwa huyu, anayechechemea,
huyu mwenye kovu la fisi begani.
Nikaongeza sharti, maneno matatu:
asiye na mwili, anyamaze.
Mamba nikamfuta kwa mkono. Kwa huzuni kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe Msalato.
Chilongani akapewa vibali vinne, vya moto bado.
Akavisoma polepole, kidole chini ya kila neno,
akageuza cha tatu, akatazama mgongoni mwa karatasi.

"Huyu anaitwa Madeni," akasema.
"Hapa mmemwandika wapi?"

Nikachuchumaa penye kivuli cha meza,
nikafungua faili la Punda.