Unyoya wa Bata

Baba alikuwa na vipimo vitatu,
mashina ya manyoya yaliyokatwa kwa wembe:
la kuku, la bata, la korongo.
Vililala ndani ya kopo la hina la marehemu mama,
na kopo bado lilinuka harusi.

Mmiminaji nilikuwa mimi.
Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole vitatu
na hakuna aliyeniambia viwili vilikwendea wapi.

Mwinyikai wa Jomvu alifika Makadara baada ya adhuhuri,
mizigo yake ikifungwa Rabai, wapagazi wakidai posho.
Akaifunua bastola ya fataki, vyumba sita,
mpini wa mti nisioujua, maandishi yamefutika ubavuni.
"Nijazie. Jaza mpaka mdomoni.
Njia ya Taita si ya kupigia watu chafya."

Baba akaligeuza gurudumu sikioni, taratibu,
kama anayesikiliza nazi iwapo ina maji.
"Chuma cha kuiga hiki. Aliyekifua alikuwa na haraka.
Na vyumba ni vitano."
"Nahesabu sita."
"Cha sita ni kitanda cha nyundo, kiache kitupu,
usije ukajipiga paja kwenye kivuko."

Tukaenda nyuma, kwenye shimo la kuchimbia mawe ya chokaa.
Baruti nilikuwa nimeianika kivulini tangu asubuhi,
maana masika ya Mvita huingia hata ndani ya chupa.
Nikachora duara la makaa kwenye ubao wa mlango.

Kwanza korongo, ili mteja aridhike.
Kishindo, moshi mzito, mbuzi wa jirani akakata kamba.
Risasi ilipita juu ya ubao ikamega jiwe.
Mwinyikai alicheka kama bwana arusi.

Kisha bata.
Nikamimina, nikaongeza kijiko cha unga wa mtama mkavu
ili risasi isizame mbali na mdomo,
nikaishindilia,
nikaziba kila tundu kwa shahamu ya kondoo na nta
mpaka vidole vyangu vikanuka Idi.
Sauti ilikuwa ndogo.
Duara la makaa likapata jicho.

"Adui atanicheka kwa mlio huu."
"Atacheka mara moja," baba akasema.

Niliandika daftarini: Mwinyikai. Bata. Vitano. Shahamu.
Akalipa reale moja, nyingine akaahidi,
na nilipochungulia kwa dirisha la jikoni
nikamwona amesimama dukani kwa Khimji
akipokea pakiti ya baruti, akiikadiria kwa kiganja.
Nilisema moyoni, kila mtu na ratili yake.
Nikarudi kuchambua mchele.

Mfungo tatu ilipoandama, mpagazi mmoja
alituletea bastola ndani ya kaniki.
Vyumba viwili vilivyopakana vilikuwa vimechanika,
kingo zimekunjukia nje.
Baba alivitapisha vilivyosalia kwa kijiti:
baruti tele, risasi imekwaruzwa ili ienee,
shahamu hata tone.
"Amejaza mpaka mafuta yakakosa pa kukaa.
Moto wa chumba hiki umebisha kwa jirani."

Mpagazi alitazama mlango.
Hakuutaja mkono, wala hatukumuuliza.
Alikunywa maji, akarudisha kata, akaenda zake.

"Uliandika kipimo gani?"
"Bata."
Akatikisa kichwa. Alingoja kidogo,
na mimi sikulitaja duka la Khimji.

"Chemsha maji," akasema. "Ulete na sabuni.
Masizi ya baruti hula chuma usiku kucha,
hayajali mwenyewe yuko wapi."

Nikamimina. Maji yakatoka meusi,
yakatoka kijivu,
yakatoka meupe, nami bado ninamimina,
mpaka baba akaniondolea birika mkononi
kwa vidole vyake vitatu.